Boneti ya Moto Asubuhi ya Baridi

Kuna siku moja ya Julai naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira zinanipanda hadi leo. Nakusimulia kwa sababu kesho unashuka Korogwe kuangalia ile Noah unayotaka kununua, na mwenye gari anakupigia simu kila saa kukuambia kuna mteja mwingine njiani. Mteja mwingine! Hao wateja wengine huwa hawafiki, sijui hukwama wapi.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Baba alipofariki aliniachia kishamba cha bondeni kule Vuga, chenye maji mwaka mzima, nami nikakiuza ili ninunue pikapu ya kubebea kabichi na karoti. Kaka zangu walininunia mwezi mzima. Kwa hiyo kila nilichokuwa nacho duniani kilikwenda kwenye pikapu hiyo.

Mjomba wangu Zakayo, aliyeendesha malori ya chai Bulwa mpaka akastaafu, alikuwa anaumwa mgongo, hakuweza kunisindikiza. Lakini alinionya. "Fika kabla haijawashwa. Weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya baridi, washa mwenyewe, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugonjwa. Halafu ipandishe mlima, usiiteremshe."

Muuzaji alikuwa mzee wa hapa hapa Lushoto, mzee wa kanisa, koti lake safi. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Nimeshakuwashia, baridi hii isikusumbue." Nikashukuru! Nilipopitisha mkono kwenye boneti nikakuta ni ya moto, na si moto wa dakika tano. Nilijua kabisa. Lakini mtu nimeshampa shikamoo, mkewe ananimiminia chai, nitamwambiaje azime gari nisubiri lipoe? Ni sawa na kumwita mwongo nyumbani kwake.

Nyuma ulikuwa unatoka moshi mweupe. Nikauliza kwa sauti ya chini, "Baba, na moshi huu?"

"Lushoto hii, mwanangu! Hata wewe ukihema unatoa moshi."

Tukacheka. Na mimi nilicheka, mjinga mimi. Kilomita zilikuwa zimepita laki tatu, akasema zote za lami, nikaitikia kwa kichwa.

Akapendekeza tuijaribu kwa kuteremka hadi Mombo, chini ya milima. Ilishuka kimya, imetulia. Mteremko ule hata pipa tupu lingeshuka vizuri. Mombo tukaandikishana mbele ya mashahidi, nikamkabidhi fedha, akasema ana safari ya Tanga, akapanda basi. Nikageuza kurudi nyumbani peke yangu. Sikufika hata Soni, katikati ya mlima. Mshale wa joto ulipanda, mvuke ukafumuka, injini ikazima kwenye kona. Ilipopoa nikafungua rejeta, nikakuta maji yana rangi ya chai ya maziwa. Fundi alisema silinda hedi ilipasuka siku nyingi, oili ikachanganyika na maji, na injini haifai tena. Nilipomfuata yule mzee akanijibu kwa upole, "Ilipotoka kwangu ilikuwa inatembea."

Mjomba hakunipigia kelele. Aliuliza tu, "Boneti uliigusa?"

"Niliigusa, mjomba."

"Ilikuwa ya moto?"

"Ya moto."

"Ukanyamaza."

"Ningemwambiaje mzee yule?"

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniliza. "Shikamoo ulimpa yeye, akaitikia, ikaisha. Gari haliamkiwi."

Kishamba cha Vuga sikukipata tena. Mwenye nacho hauzi, na ningekuwa yeye nami nisingeuza.

Basi sikiliza, mwanangu. Kesho usimwambie saa utakayofika, mfikie asubuhi tu. Amkia wote, kisha gusa boneti. Ikiwa ya moto, sema utarudi siku nyingine, na uondoke kweli. Ikiwa ya baridi, washa mwenyewe ukiwa umemsimamisha mwenzako nyuma ya gari: moshi wa bluu, ujue linakula oili; moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata joto, kimbia. Fungua kifuniko cha oili, tazama chini yake kama kuna utelezi wa rangi ya maziwa. Injini iliyooshwa ikang'aa kama sahani ya wageni, jiulize inafichwa nini. Fundi nenda naye wako, yule anayesifiwa na muuzaji mwache huko huko. Na gari utalijaribu kwa kulipandisha huku Lushoto, hata akikuambia mafuta hayatoshi. Mnunulie mafuta!

Ukirudi kwa basi, mikono mitupu, nyumbani hapa hakuna atakayekucheka. Mungu akutangulie. Akupe uso mkavu kwa siku moja tu, kisha akurudishie haya yako.