Mtu Aliyetajwa na Mume Wangu

Eda ilipokwisha nilifunga safari kutoka Nandagala kwenda Nachingwea kudai pensheni ya marehemu mume wangu. Alikuwa tarishi wa bomani. Alibeba barua za serikali kwa miguu mpaka magoti yakamshinda, ndipo wakampumzisha na kumpa pensheni. Walimwambia, naye akaniambia, kwamba akifa watu wake watapewa kitu. Mimi nikajua watu wake ni mimi, maana hatukujaliwa mtoto, na nyumba nzima tulikuwa wawili tu.

Ile miezi ya eda nisikumbushwe. Wanawake waliokuja kunipa pole walirudi kwao baada ya arobaini, nikabaki na kuku. Nilizungumza nao, tena kwa adabu kuliko nilivyozungumza na mume wangu.

Bomani karani alifungua jalada, akafuata mistari kwa kidole.

"Mama, wewe hukuandikwa. Ameandikwa mtoto wa dada yake, anakaa Mtua."

"Na mke?"

"Marehemu aliulizwa mrithi wake ni nani. Akamtaja huyo. Mke hakumtaja."

Sitaficha, nilimkasirikia maiti. Nilikwenda Mtua kwa miguu na njia nzima nilimsema. Nani alikukanda magoti kwa mafuta ya ufuta? Nani alikupikia uji siku ulizokuwa huwezi kumeza? Niliona uchungu mkubwa kuliko ule wa siku ya mazishi, kwa sababu siku ile nilidhani nimefiwa na mtu aliyekuwa wangu.

Huyo mpwa wake nilimkuta uani anapukuta ufuta. Akaniletea kigoda na maji, akachuchumaa kunisikiliza. Habari za pensheni ndiyo kwanza alikuwa anazisikia kwangu.

"Mama, mjomba angejibu nini?" aliniuliza kwa upole. "Kwetu mrithi wa mtu ni mtoto wa dada yake. Shamba lake nimeachiwa mimi, na bunduki yake ya gobori. Kaulizwa mrithi, kamtaja mrithi. Lakini hela hiyo mimi siili. Kesho twende nikatie dole gumba, uchukue wewe."

Na kweli tulikwenda. Alitia dole gumba, akapokea, akanikabidhi zote mbele ya karani, kisha akanitafutia nafasi kwenye lori la Ruangwa. Mtu mwema yule, sina neno juu yake.

Basi nilipata nilichokifuata, na bado nililia, nimekaa juu ya magunia ya lori. Nilitaka mume wangu afufuke dakika moja tu, aulizwe tena, anitaje mimi. Pesa nilizofunga kwenye pindo la kanga nilipewa na mtu mwingine kwa huruma yake. Yeye mwenyewe hakunikumbuka.

Tulipokaribia Ruangwa nikajiuliza: je, kama karani angenikalisha mimi mbele ya meza yake, mume wangu angali hai, akaniuliza shamba langu la mihogo na vyungu vyangu ni vya nani nikifa, ningemjibu nini? Jibu lilikuja lenyewe, sikulitafuta. Ningemtaja binti wa dada yangu, yule wa Chunyu. Miaka ishirini na miwili mimi na mume wangu tulilala chumba kimoja, na mimi pia nisingemtaja.