Saa Alizotia Ufunguo Rodion

Miaka ile ya mwisho kiwanda chetu kilikosa fedha za mishahara, kikatulipa saa. Saa za kengele, zilezile tulizounda wenyewe. Nani azinunue, na mji mzima kila mtu anazo kabatini? Wakubwa walituambia tuvumilie. Wao walivumilia ndani ya magari mapya.

Majirani zangu Taisia na mumewe Rodion wote walikuwa wa kiwandani, kwa hiyo nyumba yao ilijaa maboksi. Kila asubuhi Rodion alizitia saa ufunguo moja moja, maana abiria hanunui saa iliyonyamaza, kisha akazibeba hadi stesheni kuzinadi kando ya treni, kwenye baridi ya kuvunja mifupa. Mara nyingi alirudi nazo zote. Taisia alimtania kwamba amezipeleka matembezi.

Asubuhi moja ya Februari Rodion alizitia zote ufunguo, akaketi avae buti, asiinuke tena.

Nilipofika, Faina, dada wa Rodion, alikuwa amekwisha kufunika kioo na anafungua maboksi azisimamishe saa, kama ipasavyo nyumba yenye maiti. Taisia amekaa tu, hana hata chozi. Mara akamshika mkono.

“Ziache, wifi.”

“Ndugu yangu kalala hapo, Taisia. Watu watatusema.”

“Waseme. Hizo kazitia ufunguo mwenyewe leo. Mkono wake bado umo humo.”

Faina alinuna, akanong'ona kwamba msiba umempanda kichwani, lakini akalirudisha boksi. Tulimvika marehemu na kupika ngano ya matanga huku saa zikigonga chumba kizima. Waliokuja kutoa pole walitazamana. Niliwachukia kwa macho yale.

Kesho yake zikaanza kunyamaza, moja hapa, mbili pale. Taisia alipita boksi hadi boksi akitega sikio. Alasiri ikabaki moja, akaipakata. Hakula. Mlio ukawa unafifia, na Faina, yuleyule wa jana, akapiga magoti mbele yake.

“Itie ufunguo basi, wifi. Kidogo tu.”

“Huo utakuwa mkono wangu,” alisema Taisia.

Tukakaa sote watatu, tukiisikiliza. Ilipokoma akalia, akalia kwa sauti, mpaka watu wa ghorofa ya chini wakapanda kuuliza nani tena amekufa.