Shangazi Aliyebipu Lori

Shangazi yangu ni fundi wa mapazia, na kwa ubahili wa vocha hana mpinzani mtaani. Pazia likiwa tayari, hapigi simu, anabipu. Simu yako ikilia mara moja na kukatika, ujue kazi imekwisha, na ukimpigia atakujibu, "Nilijua tu utapiga."

Mimi nafundisha Kiingereza sekondari na ninakaa kwake, chumba cha nyuma. Jioni moja, nikimshikia kitambaa akikata, nilimchokoza kwamba hilo neno lake si la kwetu.

"Ni la nani? Nimebipu, umebipu, tunabipiana. Hicho ni Kiingereza?"

Nikamweleza nilivyosoma: kwa Waingereza ni mlio mfupi tu, waliuiga kutoka kwenye honi za magari, zamani kabla ya simu za mkononi. Baadaye kila mashine iliyolia kwa mkato ikasemwa inabipu. Kumpigia mtu na kukata kabla hajapokea ni maana tuliyoitia wenyewe, tulipokuwa na maneno mengi na simu hazina salio.

"Kwa hiyo wao wameleta mlio," alisema, mkasi ukiendelea. "Akili tumeweka sisi."

Siku zile alikuwa amemaliza pazia la dereva mmoja wa lori, mtu mpole aliyefiwa na mkewe, la kuziba dirisha la nyuma ya kiti chake. Shangazi akambipu asubuhi, akambipu mchana. Kimya. Kwanza alinuna. Halafu akanituma gereji nikaulize kama lori limeonekana, nikajua hapa kuna jambo.

Kesho yake tukiwa tunakunywa chai, honi ikalia nje, mara moja, fupi. Tukachungulia. Lori limeziba kichochoro kizima, majirani wamejazana milangoni, dereva anacheka nyuma ya usukani.

"Fundi, umenibipu mpaka nimeona aibu," alisema. "Nami nimekuja kukubipu."

Nikamtazama shangazi, naye akakwepa macho yangu kama aliyeshindwa kesi. Akasema anakwenda kuchukua pazia. Alirudi amepaka wanja, pazia amelisahau ndani.

Kulifunga pazia lile kulichukua wiki kadhaa. Mara ni refu, mara ni fupi, mara pindo limelegea, na kila mara dereva alilazimika kurudi. Fundi ambaye hajawahi kurudishiwa kazi. Nilipomuuliza kulikoni, aliniambia nishughulike na Kiingereza changu.

Walioana mwaka uliofuata. Dereva sasa anachukua safari za karibu tu. Siku za mapumziko anakaa kando ya cherehani, miwani puani, akimsaidia mkewe kufumua mishono iliyokosewa, na mara nyingi anafumua ile iliyokuwa sawa. Shangazi anaona. Anamsogezea kikombe cha chai, anasubiri ageuke, kisha anashona upya kimyakimya.