Barafu Ndani ya Pamba

Mwalimu Nassib alikidharau kijiji cha Shishiyu tangu siku aliyoshuka na begi lake kutoka Tanga. Alidharau vumbi, alidharau viazi vya kuchemsha, alidharau hata salamu ya Kisukuma. Mtoto akimwambia "Mwangaluka, mwalimu," yeye anafoka, "Sema shikamoo, hapa si zizini!" Mtu mwenyewe alikuwa na jambo moja tu kichwani: uhamisho. Barua yake ilikuwa kwa Mama Perpetua, afisa elimu kata, naye alisema haipitishi mpaka amwone akifundisha. Haya, siku ikafika, mama akaja akakaa dawati la nyuma.

Somo lilikuwa joto. Nassib alichukua vipande viwili vya barafu kwa muuza soda wa jirani. Kimoja akakiweka wazi kwenye sahani, kingine akakizungushia pamba nene ya shambani.

"Kipi kitayeyuka kwanza?"

"Cha kwenye pamba!" darasa zima likapaza sauti.

"Pamba ina joto, mwalimu," akaeleza binti mmoja, Nyanjige. "Wakati wa mavuno tunalala juu yake kuilinda. Unatoka jasho mpaka basi!"

Nassib akacheka kile kicheko chake cha kuudhi. "Mmezaliwa kwenye pamba, mnalala kwenye pamba, na pamba hamuijui! Nyie mna kazi kweli." Akamgeukia mgeni. "Na wewe, mama?"

"Cha kwenye pamba," akajibu Mama Perpetua bila kusita. Naye alikulia kwenye mashamba hayohayo.

Lo! Nassib akajisemea moyoni, na huyu ndiye wa kunipima mimi?

Wakasubiri. Barafu ya kwenye sahani ikawa maji matupu. Nassib akaifungua pamba taratibu, kwa maringo yote, na barafu ilikuwa bado ipo, imepungua kidogo tu. Nyanjige akaigusa, akaruka nyuma. "Yesu wangu!"

"Pamba haina joto lake," akasema Nassib. "Joto hutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi. Ukilala, joto ni la mwili wako, pamba inalizuia lisitoke. Hapa joto ni la hewa ya humu ndani, pamba imelizuia lisiingie. Mmeelewa, au nikawafundishe ng'ombe wenu?"

Matusi hayakuwagusa hata kidogo. Maswali yakamiminika: na soda ya baridi je, ukiifunika blanketi? Na uji? Nassib akawajibu kwa kejeli, lakini akajibu yote. Kengele ya mapumziko ikalia, hakuna aliyeinuka.

Nje, Mama Perpetua akamshika mkono. "Mwalimu, umri wote huu nilikuwa naamini uongo. Sijawahi kuona somo kama hili."

"Nashukuru, mama. Sasa ile barua yangu..."

"Barua? Nikuachie uende, hawa wafundishwe na nani? Nimekataa. Na darasa la tano nalo nimekuongezea."