Sarafu Iliyokosewa Kiwandani, Lawama kwa Mwosha Vyoo

Hukumtazama. Usijitetee. Ulikuwa umebanwa, ukatupa sarafu kwenye bakuli la plastiki na kugeuza uso, kana kwamba harufu ya mahali pale inatoka kwake, siyo kwako na kwangu. Ulipotoka ukakung'uta mikono, ukaenda zako. Leo ukiulizwa mama yule ana sura gani, utababaika.

Basi mtazame sasa, maana baada ya Alhamisi huenda usimkute.

Saa kumi na mbili asubuhi, Mama Bakuli, kama wanavyomwita sokoni, anafungua kufuli la choo cha kulipia nyuma ya jengo la soko. Anamwaga maji sakafuni, anayasukuma kwa fagio hadi kwenye mtaro. Kila hatua inaposikika koridoni, anainua kichwa.

"Nadhani ndio wamekuja kunichukua," anasema, kisha anacheka peke yake. "Siku hizi hata mteja ananitia kiwewe."

Uongozi wa soko unamtuhumu kutengeneza sarafu bandia. Alhamisi ataitwa kwenye kikao. Akishindwa kujieleza, kazi imekwisha na jina lake linapelekwa polisi.

Kosa lenyewe lilifanyika mbali na choo hiki. Kiwandani, kipande kitupu cha chuma hugongwa kati ya mihuri miwili ndipo kiwe sarafu. Kimoja kiliteleza. Muhuri ukagonga pembeni, ukaacha ukingo mtupu wenye umbo la kucha, na nusu ya maandishi haikupata pa kukaa. Wakaguzi wenye mishahara na miwani wakaipitisha.

Kwenye bakuli ililetwa na dada mmoja mwenye mwavuli wa kijani. Mama Bakuli anamkumbuka kwa sababu ya maneno yake.

"Aliniambia, 'Hii wameikataa dukani, chukua wewe, huku chooni hamchagui.' Nikaipokea. Ningemfukuza na haja yake?"

Msimamizi wa soko hapokei sarafu yenye kasoro. Kwa hiyo jioni, Mama Bakuli alichomoa nzima kutoka mfukoni mwake, akaiweka kwenye mfuko wa makusanyo, na ile mbovu akabaki nayo. Hasara yake, sarafu yake.

Kisha akafanya anachofanya kila jioni. Akaiosha. Wenye maduka wanazikataa fedha zinazotoka chooni, wanazishika kwa ncha za vidole, kwa hiyo yeye huziloweka zote kwenye maji ya sabuni na dawa kabla ya kwenda kununua unga. Hii haikutakata.

"Nilidhani uchafu umeganda juu ya herufi," anasema. "Nikachukua waya wa kusugulia sufuria. Nikasugua mpaka bega likauma. Herufi hazikutokea ng'o."

Kesho yake alimwonyesha Fundi Saa, mzee anayetengeneza saa mlangoni mwa soko. Fundi Saa hukusanya sarafu zilizokosewa: zilizogongwa mara mbili, zenye kichwa pande zote, zilizotoka bila tarehe. Aliposogeza lenzi jichoni, aliruka kitini.

"Mama wee! Umeisugua?"

"Si ilikuwa chafu?"

"Ungeniletea na uchafu wake!"

"Na harufu pia ungeitaka, Fundi?"

Mzee hakucheka. Mikwaruzo ile ilikuwa imekula sehemu kubwa ya bei. Hata hivyo aliahidi kuinunua kwa mishahara minne ya Mama Bakuli. Bila waya ule, anasema, ingefika mishahara ya mwaka mzima.

Kwa nini mtu atoe fedha zote hizo kwa kitu kilichoharibika? "Sarafu nzima zinafanana kama vifaranga," Fundi Saa anaeleza. "Hii ni moja. Kuna mtu kiwandani alipiga chafya, na chafya yake nimeishika mkononi. Nisiipende?"

Furaha ikavuja. Wifi yake Mama Bakuli, anayeuza vitunguu upande wa pili, alilitangazia soko zima kwamba wifi yake katajirika chooni. "Mdomo wangu huu," anasema sasa, akiupiga kofi. "Wifi, nishone kwa sindano ya magunia."

"Sindano zote zitakatika," Mama Bakuli anamjibu.

Mchana uleule msimamizi akaja, akaichukua sarafu, akaonyesha mikwaruzo: ushahidi, alisema, kwamba mama huyu alikwangua sarafu nzima ili awauzie wajinga.

Nilipomuuliza msimamizi sarafu iko wapi, alijibu: "Mahali salama." Salama kwa nani? Fundi Saa anasimulia kwamba Jumatatu bwana huyo alifika kibandani kwake, akauliza kwa sauti ya chini ingepata bei gani. Mkononi mwa mwosha vyoo ni bandia. Ndani ya droo ya mkubwa inakuwa mali.

Tuliokuwepo tunamkumbuka mfagiaji wa jengo hilihili, aliyefukuzwa kwa noti iliyochanika ambayo hakuichana. Tulisema "masikini," tukaendelea kununua nyanya. Hakurudi.

Fundi Saa ameapa atasema ukweli kikaoni. Lakini kibanda chake ni cha soko, na wameshamwambia kwamba mnunuzi hawezi kuwa shahidi.

Mama Bakuli ana mpango, bado hajauacha. Akirudishiwa sarafu yake, atanunua mashine ya kufulia iliyotumika. "Nifue nguo za watu," anasema akicheka. "Fedha zao nimechoka kuzifua." Kisha hatua zinasikika tena koridoni, na kicheko kinakatika katikati.

Dada wa mwavuli wa kijani, unajijua. Wewe peke yako unaweza kusema sarafu ile ilikuwaje kabla ya waya. Alhamisi, saa tatu asubuhi, ghorofa ya kwanza, ofisi ya soko. Sema tu: nilimpa mimi, na ilikuwa hivyohivyo.

Na wewe mwingine, usidhani umepona. Mwulize mkeo, mwulize dada yako, mwulize jirani yako mwavuli wake una rangi gani. Mwulize sasa hivi, kabla hujalikunja gazeti hili. Akisema kijani, mshike mkono umlete.