Makofi ya Salamu Msituni

Mtoto wa kaka yangu alimaliza kidato cha nne Vwawa, akaja kukaa kwangu Tunduma. Nikamwombea kazi ofisini kwetu. Sisi ni mawakala wa forodha: lori likifika mpakani, sisi ndio tunaoingiza maelezo yake kwenye kompyuta ili livuke. Bosi akasema aje Jumatatu ajaribiwe, akiingiza lori moja bila kosa nafasi ni yake. Nilirudi nyumbani natembea kwa madaha. Binti yule simu haikumtoka mkononi, nikajua kompyuta kwake itakuwa mteremko.

Jumatano jioni nikamkalisha mbele ya laptop yangu. Akanyoosha kidole, akagusa kioo. Akagusa tena, kwa nguvu zaidi, kama anayebisha hodi. Nikampa mausi, akaishika kama yai. Nikamwambia aandike barua fupi aihifadhi. Akaandika kwa vidole viwili, akafunga, na barua haikuonekana tena. Nikamuuliza ameiweka wapi.

"Humo humo, shangazi," akasema.

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Nilianza kazi na taipureta, kompyuta nikajifunza kwa kusimama nyuma ya migongo ya wenzangu, na kila kitufe nilikipata kwa jasho. Nikamwambia kizazi chao kimepewa kila kitu kikiwa kimeshatafunwa, kinajua kusugua kioo tu, hakijui kitu kinakaa wapi. Nilisema mengi, siku hiyo na zilizofuata. Yeye aliinamisha kichwa, na kadiri nilivyosema ndivyo mikono yake ilivyozidi kukosea.

Ijumaa akaja na ombi. Kuna gemu anacheza kwenye simu: unatengeneza mtu wako, unaingia naye katika nchi kubwa ya kubuni, mnakutana humo na watu wa mbali msiojuana. Inachezeka hata kwenye kompyuta. Akiichezea huko, labda mkono utazoea. Nikakubali kwa sharti kwamba nami nicheze, kwenye simu yangu, maana nilitaka kuuona huo upuuzi kwa macho yangu.

Kuiweka tu hiyo gemu kwenye laptop kulitula asubuhi nzima ya Jumamosi. Faili lilishuka, likapotea, nikalichimbua mimi kwenye folda lilikojificha. Mpaka hapo bado nilikuwa mwalimu.

Mtu wangu, mama mfupi mwenye upanga, alitokea msituni, na mbele yake limesimama jitu lenye mapembe. Kwetu Msangano mgeni hampiti mtu mzima hivi hivi. Unachuchumaa, unapiga makofi polepole, unasubiri uitikiwe. Nikaona kwenye vitendo vya gemu kuna kuchuchumaa na kuna kupiga makofi, basi nikachuchumaa, nikapiga makofi. Kumbe jitu lile halikuwa la mtu. Lilikuwa adui anayeendeshwa na gemu yenyewe, likanimaliza kwa pigo moja. Nikafufuliwa, nikakutana na lingine, nikalisalimia pia. Nidhamu yangu ikaniua mara nne. Na kwa kuwa nilikuwa nimeingizwa kwenye kundi la wachezaji, kila nilipokufa wote walirudishwa mwanzo.

Ndipo nilipojua kuwa kundi lile lilikuwa na watu kumi na wawili, na mkubwa wao alikuwa ni huyu binti aliyekaa pembeni yangu. Alipanga nani atangulie, nani aponye majeruhi, nani alinde nyuma, na watu ambao huenda walikuwa na ndevu na wajukuu walimtii. Mmoja akaandika kwamba huyu mama atolewe, anatuchelewesha. Nikaona vidole viwili vya binti vikitembea juu ya vitufe, taratibu, bila kusita. Aliandika: "Ni shangazi yangu. Anawasalimia. Tutamngoja."

Akanielekeza mara ya tano kwa sauti ile ile ya mara ya kwanza. Mchezaji mmoja aliyesema yuko Nakonde, hapo ng'ambo ya mpaka tu, akachuchumaa mbele ya mtu wangu akapiga makofi, wengine wakafuata, msitu mzima ukawa umechuchumaa. Nilicheka mpaka machozi. Lakini nilipomtazama yule mtoto nikaona aibu, kwa sababu mimi sikumngoja hata siku moja.

Jumapili baada ya kanisa nikaanza upya, kwa sauti ya chini. Nikamwambia folda ni kama lile begi la mtu wake kwenye gemu, na ndani ya begi kuna mifuko, na wewe ndiye unayechagua kitu kiingie mfuko gani.

"Kumbe ni hivyo tu?" akauliza.

Hakuna aliyewahi kumwambia. Shuleni kwao kompyuta walizichora ubaoni, na mimi nilikuwa nimemfokea tu. Siku ile alihifadhi na kutafuta, akahifadhi na kutafuta, mpaka akazoea.

Jumatatu bosi akamwekea nyaraka za lori la shaba. Nikasimama nyuma yake, nilivyozoea kumsimamia. Akaanza vizuri, kisha akafuta, akaandika, akafuta tena. Akageuka.

"Shangazi, naomba utoke," akasema. "Bosi simwogopi. Nakuogopa wewe."

Bosi alijifanya anatazama dirishani. Nikatoka, nikasimama barazani karibu na foleni ya malori. Nilingoja hasira ije, haikuja. Maneno yake yaliniuma tu, kwa sababu alisema kweli.

Baada ya muda akatoka na karatasi iliyochapwa, akanipa mimi kabla ya bosi. Niliisoma mstari kwa mstari, namba ya lori, uzito, mzigo. Hakukuwa na kosa. Nikarudi mstari wa kwanza nikaanza tena, naye amesimama anangoja, na hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu Jumatano sikuwa nimemsifu hata kwa neno moja, na hata sasa, karatasi ikiwa safi mkononi, bado nilikuwa nalitafuta kosa.