Rubani alikuja kuibarikisha ndege kwa baba yake, na ujumbe wa mzee nikaukalia mimi

Wakuu, poleni na majukumu.

Hiki ninachoandika nimekibeba kifuani miaka mingi, na chumvi sijaongeza hata punje. Majina nimebadilisha, kampuni siitaji. Wale wa kusema "chai", kwamba nimetunga, semeni tu. Mimi nimeshasemwa na watu wenye haki ya kunisema.

Twende.

Nilikuwa ofisa wa operesheni kwenye kampuni ndogo ya ndege za watalii pale uwanja wa Kisongo, Arusha. Kazi yangu ilikuwa kukaa na redio ya kampuni na kuongea na marubani wetu wakiwa angani. Nawapa hali ya hewa, nawaambia abiria wamefika au bado, mambo kama hayo.

Mwaka huo bosi akanunua ndege. Injini moja, mtumba, ila kwetu ilikuwa mpya kabisa. Ilikuwa Afrika Kusini, na wa kwenda kuileta akachaguliwa Kapteni Lomayani. Huyu alikuwa Mwarusha wa huku juu ya Ngaramtoni, kwenye mteremko wa Mlima Meru, mtoto wa wafugaji, na alikuwa swahiba wangu. Tulikula mchana sahani moja miaka minne.

Sasa niwaambie kitu ambacho wengi hawakijui.

Safari ya kutoa ndege ilikonunuliwa kuipeleka kwa mwenyewe, wenyewe wanaita delivery flight, ina hatari zake. Abiria hakuna, kwa hiyo kila mtu analegeza kidogo. Viti vinang'olewa, linawekwa tenki la ziada la mafuta humo ndani, vifaa vingine vinaachwa vitafungwa ikifika. Rubani mwenyewe ndege hajaizoea. Halafu huku mwisho kuna watu wamevaa suti wanamsubiri.

Baada ya yaliyotupata nilianza kusoma ajali za zamani za aina hii. Nilisoma mpaka mke wangu akanificha laptop. Kuna ndege zimeingia baharini, kuna zimegonga milima, na hazikuwahi kubeba abiria hata mmoja. Zilizoniumiza zaidi ni zile zilizoanguka zikiwa karibu kufika.

Ya kwetu ilitolewa kile kifaa kinachompigia rubani kelele akiikaribia ardhi. Kipya kilikuwa kifungwe Arusha. Kibali cha safari kiliruhusu, hapo hakuna aliyevunja sheria.

Turudi kwa Lomayani.

Kwa Waarusha, kitu kipya mzazi lazima akibariki kwanza. Mzee anapiga funda la maziwa, anakitemea, anasema maneno yake, ndipo unaanza kukitumia. Lomayani aliponunua pikipiki yake ya kwanza aliisukuma mpaka kwa baba yake, hakuipanda. Alikuwa anatuhadithia huku anacheka, lakini hakuwa anatania.

Sasa ndege utaipandishaje Ngaramtoni?

Akaja na mpango. Siku ya kuwasili, kabla ya kutua, angepita chini chini juu ya boma lao. Mzee angekuwa nje na kibuyu chake, airushie maziwa huko huko juu. Ni dakika tatu tu nje ya njia. Bosi aliambiwa, akacheka, akasema haina shida. Mimi nikapewa kazi ya kuwasiliana na mzee.

Ikafika siku yenyewe. Julai, baridi ya Arusha mnaijua.

Mbele ya hanga pamepigwa hema. Kwaya imekuja na sare, mchungaji yupo, keki ina umbo la ndege. Mgeni rasmi saa nne. Bosi anatembea huku na huku kama mwenye harusi.

Lomayani alilala Dodoma, akaruka asubuhi.

Kama saa tatu na nusu simu yangu ikaita. Ni mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sikiliza. Huku wingu limeshuka, hata mti wa getini siuoni. Mwambie huyo asipite. Akatue huko huko. Kesho nitashuka mwenyewe niibariki hapo mlipo."

"Sawa mzee, nitamwambia."

"Umwambie ni baba yake amesema."

"Nitamwambia mzee."

Nikakata simu, nikachungulia mlangoni.

Wakuu, hapa ndipo penyewe. Pale operesheni tulikuwa na tabia moja ya kijinga. Kabla hujafungua ripoti yoyote ya hali ya hewa, unachungulia mlangoni uone Meru. Ukiona kilele, unasema mlima uko wazi. Tulifanya hivyo kila siku, na kila siku ilikubali.

Nikaangalia. Kilele kile pale, safi kabisa.

Chini ya kilele, kuanzia kiunoni kushuka, kulikuwa na wingu. Niliona. Nikalichukulia kuwa ukungu wa asubuhi unaoondoka. Nikajisemea huyu mzee naye, anajua nini mambo ya ndege? Lomayani ameongelea kibuyu hicho safari nzima, kila akitua mahali ananitumia meseji, leo mimi ndiye nimharibie?

Nilijifanya mjuaji. Basi.

Baada ya dakika chache redio ikaita.

"Operesheni, pilau limeiva?"

"Limeiva Kapteni, tunakusubiri wewe."

"Mlima vipi?"

"Kilele nakiona, uko wazi."

"Na mzee?"

Nikajibu, "Mzee yuko nje na kibuyu chake, anakusubiri."

Akacheka. Kile kicheko nakisikia mpaka leo nikiwa naoga, nikiwa kwenye foleni, popote. Akasema, "Haya, robo saa niko nanyi."

Robo saa ikapita. Nikamwita kwenye redio. Kimya. Nikamwita tena. Nje kwaya ilikuwa inaimba, nikamwambia mtu afunge mlango.

Simu ikaita. Mzee tena, safari hii anahema.

"Ndege imelia juu yangu ndani ya wingu. Haikurudi. Kumelia kitu huko msituni. Si nilikwambia umwambie?"

Nikasema, "Nilimwambia mzee."

Hivyo tu. Maneno mawili, bila kufikiri. Hata sikujua mdomo wangu unaweza kudanganya haraka hivyo.

Mzee akakata simu.

Vijana wa kijijini walifika kabla yetu. Ndege ilikuwa kwenye msitu wa miti ya kupandwa, juu kidogo ya mashamba. Misonobari imekatika vichwa mstari mmoja, harufu ya mafuta ya ndege imejaa, ukungu mzito hata mwenzako wa mbele humuoni vizuri. Lomayani alikuwa bado kwenye kiti chake. Sitasema zaidi ya hapo, ana watoto na wanasoma.

Nyuma, palipokuwa na viti, nilikuta blanketi jipya bado liko ndani ya nailoni. Alimnunulia baba yake.

Baadaye nikaambiwa kule uwanjani kwaya iliendelea kuimba karibu nusu saa, kwa sababu mshereheshaji alikosa namna ya kuwaambia wanyamaze.

Wachunguzi walikuja. Nikahojiwa, nikasema nilimwambia kilele kinaonekana, na ilikuwa kweli. Kuhusu simu ya mzee hawakuniuliza, na mimi nikakausha. Ripoti ikaandikwa kwamba rubani alishuka chini ya kimo cha usalama kwenye hali mbaya ya hewa. Kosa la rubani.

Lakini ripoti siyo iliyoniua mimi. Kilichoniua ni mazishi.

Mchungaji alipowaita wazazi watie udongo, mama yake, tuliyekuwa tunamwita Yeyo kama anavyoitwa mama kule, alitia. Mzee akabaki amesimama, mikono ndani ya koti. Wakamwita tena. Akasema kwa sauti, watu wote wakasikia:

"Nilimkataza, akanikaidi. Mimi sina udongo wa kumtilia."

Nilikuwa hatua chache kutoka kwake, wakuu. Ningeweza kusema pale pale. Nikaangalia viatu vyangu.

Lile blanketi nililipeleka wiki iliyofuata. Mzee alikataa hata kulishika. Yeyo akalipokea, akaliweka kabatini na nailoni yake.

Miaka ikaenda. Nikapandishwa cheo, nikajenga. Mtu akinisifia kazi nilikuwa naona aibu mpaka masikio yanapata moto. Yeyo alinipigia kila Krismasi kunisalimia, ananiita mwanangu. Hebu fikirieni.

Mwaka huu akanipigia na siyo Krismasi.

"Mwanangu, mzee anaumwa. Amewaambia ndugu zake wasimzike karibu na Lomayani. Anasema hawezi kulala na mtoto aliyemkaidi. Wewe ulikuwa rafiki yake, njoo uongee naye."

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaenda.

Mzee alikuwa amekaa kitandani, amekonda, macho bado makali. Yeyo akaleta chai. Nikasalimia, nikaitikiwa. Nikaona nikianza kuzunguka nitaondoka sijasema.

"Mzee, siku ile sikumwambia."

"Hukumwambia nini?"

"Kwamba umesema asipite. Sikumwambia kabisa. Aliniuliza uko wapi, nikamwambia uko nje unamsubiri."

Yeyo akaweka kikombe chini, akatoka. Nikamsikia nje analia.

Mzee akauliza taratibu, kama mtu anayehakikisha bei.

"Kwa hiyo hakunikaidi."

"Hakukukaidi mzee. Alikuja kwa sababu mimi nilimwambia unamsubiri."

"Nipe fimbo yangu."

Nikampa. Nikainamisha kichwa, nikajua ananipiga, na kwa kweli nilitaka anipige. Hakunipiga. Aliitumia kusimama.

Akamwita mke wake, akasema kitu kwa Kimaasai. Yeyo akaleta maziwa kwenye kibuyu, akaleta na lile blanketi. Mzee akaichana nailoni kwa meno, akajifunika blanketi mabegani. Likiwa na mikunjo ya dukani hivyo hivyo. Tukatoka mpaka kaburini, nyuma ya migomba, anatembea hatua moja anapumzika.

Akapiga funda, akatemea kaburi. Mara nne. Anaongea katikati, lugha yao, mimi ni mtu wa Singida sielewi. Nilielewa neno moja tu, jina la mtoto wake, alilirudia rudia. Kisha akainama kwa shida, akachota udongo kwa mkono, akautia.

Alipomaliza akanigeukia. Hakupandisha sauti.

"Simu yangu ilikuwa ya dakika moja. Wewe ilikushinda nini kumpa hiyo dakika?"



Yeyo akanisindikiza mpaka getini, kwenye ule mti ambao siku ile mzee hakuuona. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Umenirudishia mtoto," akasema. "Lakini wewe usirudi tena hapa."

Krismasi hii najua hatanipigia.

Wakuu, kazi nimeacha. Barua ya kurekebisha maelezo yangu kwa wachunguzi nimeshaipeleka, nasubiri kuitwa. Likija la kuja nitalipokea.

Nilichojifunza ni kidogo na nimekijua kwa bei mbaya: ukitumwa neno na mtu, siyo kazi yako kulipima kama lina maana. Lifikishe kama ulivyolipokea. Mwenye kuamua ni yule anayelisubiri, na Lomayani hakupewa nafasi ya kuamua.

Mzee amefariki wiki mbili zilizopita. Nimesikia kwa watu kwamba wamemlaza pembeni ya mwanae, na lile blanketi. Mimi nilisimama Ngaramtoni sokoni nikaangalia magari ya msiba yakipandisha, sikuwafuata.

Uwanja ni wenu. Mwenye tusi atukane, mwenye la kwake kama langu aliseme. Ila kama kuna ujumbe wa mtu umeukalia, nenda kaufikishe kwanza, uzi huu utaukuta hapa hapa.